Mashine Iliyolazwa Saa ya Kengele

Wanawake wenzangu, kabla hamjaanza kuchungulia sufuria huko nyuma, nipeni masikio. Palikuwa na binti mmoja kwenye hospitali ya masista, huko milimani kwenye baridi, kazi yake kompyuta. Alikuwa anatunza kompyuta moja inayokaa ndani ya kompyuta nyingine. Msinicheke! Hata mimi nilipoelezwa niliuliza, "Ina mimba?" Haina mimba. Haina bati wala waya wake, imepanga chumba tu ndani ya ile kubwa. Lakini humo ndimo walimokaa wagonjwa wote: nani ana kisukari, nani damu yake kundi gani, nani akichomwa sindano fulani anavimba.

Binti anajua mashine hufa. Basi kila siku anatoa nakala ya diski yake, anaiweka pembeni. Mchapakazi kweli! Ila anainakili huku inafanya kazi. Mapokezi wanaandika, maabara wanaandika, leba wanaandika, na yeye huyo anavuta nakala. Akiambiwa aizime kidogo kwanza, anabetua mdomo: "Nisimamishe hospitali nzima? Nakala si ipo?"

Jamani, nani hapa amewahi kumpima mtu gauni huku anacheza ngoma? Bega la kushoto umelipima ameinama, la kulia ameruka. Ukishalishona, atalivaa nani?

Sasa hospitali ile ina desturi. Kengele ya saa sita ikilia, asiye na mgonjwa mkononi anasimama alipo, anasali. Nesi anaweka trei, mpishi anaacha mwiko. Binti naye anasimama, mdomo unasali, jicho liko kwenye kioo cha kompyuta. Jumatatu moja Sista Mkuu akamfuma.

"Mwanangu, huyo mwenzio mbona anaendelea?"

"Nani, Sista?"

"Huyo anayenguruma."

"Sista! Mashine haisali."

"Haisali, lakini leo itapumzika. Wenzake wote wameacha kuandika. Ilaze."

Binti akanuna, mdomo huo! Lakini utambishia Sista Mkuu? Akaizima ile ya ndani taratibu, kama unavyomlaza mtoto, imalize kwanza ilichoshika. Ikalala. Sista kwa furaha akaunganisha na rozari nzima, mapokezi wakawa wanaandika kwenye karatasi. Binti akaona asikae bure, akavuta nakala, ndipo akaiamsha. Kesho yake akarudia mtindo wake uleule.

Ijumaa ikaja mvua. Radi puu! Mashine kubwa ikatoa moshi. Binti hana wasiwasi, kifua mbele, akachukua nakala ya jana akaiweka kwenye mashine nyingine. Ikafunguka imechanika! Kuna mtoto kazaliwa, mama yake hata hajafika hospitali! Chekeni, chekeni tu, yeye hakucheka. Akafungua ya juzi, vilevile. Ya siku ya nyuma yake, vilevile. Kichwa cha asubuhi, miguu ya mchana.

Nesi huyo mlangoni, anahema. "Dada! Kuna mama anaingia kupasuliwa ajifungue, na kuna dawa ilitaka kumuua safari iliyopita. Hakumbuki jina. Ni ipi?"

"Nisubiri kidogo, dada yangu."

"Mimi nitasubiri. Mtoto tumboni je?"

Ikabaki ile ya Jumatatu, aliyoitoa kwa kununa. Akaifungua amefumba jicho moja. Ikafunguka nzima, haina hata uzi uliochomoka. Jina la mama lile pale, na dawa yake chini. Binti akaitaja kwa sauti hadi wagonjwa wodini wakageuka!

Mama alitoka salama, na mtoto wa kike, sauti kama tarumbeta. Taarifa za zile siku zilizopotea wakaziandika upya kutoka kwenye kadi za wagonjwa.

Sista akauliza, "Kwa nini ikapona hii moja tu?"

Binti analia, anacheka. "Sista, ni hii tu niliyoivuta mashine imesimama."

Haya, sasa ni zamu yetu sisi. Sisi tunasali kila siku, nani atatubishia? Lakini tunasalije? Mdomo uko hapa, mkono unachambua mchele, moyo uko kwa jirani unasikiliza nani kagombana na mumewe! Kichwa cha asubuhi, miguu ya mchana. Halafu radi ikipiga nyumbani, msiba, ugonjwa, tunakimbilia tulichojiwekea, tunakikuta kimechanika. Tunanung'unika: mbona nilisali kila siku?

Lakini msiondoke hapa na huzuni, maana utamu uko hapa. Yule binti alisimama kwa moyo mweupe? Wapi! Alisimama amenuna. Alisimama mara moja tu. Na mara hiyo moja ikaokoa mama na mtoto! Je, sisi tukisimama kwa kupenda?

Basi mwenye sufuria motoni, epua kwanza. Tunakusubiri. Umerudi? Haya, mikono chini, tusimame wote.