Shuka la Kitani Lililokutwa Nje na Magharibi

Zama za Sultani Mahadhi bin Nuhu, mtawala wa Shumbwe, mji ambamo kitanda cha kila bibi arusi kilitandikwa mashuka ya kitani, ulisikika usiku wa manane mkung'uto wa nguo, pwa, pwa, chumbani mwa Ruzuna, mke wa tajiri Haruni, naye alikuwa peke yake na mwanawe wa siku thelathini na tisa, mumewe yuko safarini mwezi wa tano na mama yake yuko kaburini.

Akafumbua macho, akaona shuka la kitani limesimama wima miguuni mwa kitanda na ndani hamna mtu, na papo hapo akakumbuka kosa lake, maana alilianua jua limekwisha kuzama, na Shumbwe nzima inajua kwamba nguo ya mzazi ikikutwa nje na magharibi huingiwa na jini.

"Usipige kelele, mwana wa watu," shuka likasema. "Utamwamsha, na kumbembeleza ni kazi."

"Nani wewe?"

"Binti Sarsari, jini wa upepo wa jioni. Umeniingiza mwenyewe, ukanikunja, ukanifukiza udi. Kwa ada yetu, mgeni aliyekirimiwa hivyo huondoka na zawadi, na humu sioni zawadi ila huyo."

Ruzuna akamkumbatia mwanawe, akasema mbio mbio, "Bibi, sikukukaribisha, nilichelewa, mtoto alikuwa ananyonya, hataki kuachishwa, na sina wa kumwambia nianulie, sina wa kumwambia lolote, tangu Haruni aondoke wewe ndiye wa kwanza kusema nami usiku, basi chukua shuka, chukua nyumba, ila huyu akienda mimi nitabaki na nani?"

Kisha kitani kikajikalia kitandani kama mtu aliyechoka.

"Hata mimi huko juu sina mwenzangu," akasema. "Nipe nimpakate, ulale."

"Hapana, bibi. Unisamehe."

"Basi mpakate wewe, niwapepee. Zawadi yangu iwe mazungumzo."

Wakazungumza mpaka jogoo la kwanza, na jini akatikisa pindo zikaanguka lulu saba, na ndipo ilipojulikana kwamba mpweke akimfungulia mpweke mwenzake moyo, hofu hukosa pa kukaa.

"Ila usimwambie mwingine," akasema Binti Sarsari. "Watakuja na vyetezo na azima, wanifukuze."

"Simwambii mtu," Ruzuna akaapa, na siku ya pili, jua likizama, shuka akaliacha kambani.