Jumba la Wageni Lilivyotangulizwa

Si zamani sana, Jumanne ya tarehe 11 Juni 2019, Kamati ya Bajeti ya Jimbo la Matumbini iliketi kupitia makadirio ya serikali. Mwenyekiti mpya, Mheshimiwa Hamduni, tajiri wa mabasi, alikwisha kuhamishia fedha za zahanati ya Kivulini kwenye jumba la wageni mashuhuri. Bi Zuwena Mfaki, mjumbe wa Kivulini, alijua kwamba wodi ya wazazi ingefungwa, na kwamba kura yake moja isingefua dafu.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu, "siombi turudishiwe hata senti. Nalilia heshima yako tu. Jumba lako limeandikwa mwisho kabisa. Hivi kweli wageni mashuhuri watanguliwe na wajawazito?"

"Thubutu!" alinguruma Hamduni. "Jumba liwe kifungu cha kwanza. Hiyo zahanati yako ishike mkia."

"Ahsante, Mheshimiwa. Wanyonge tumezoea nyuma."

Jumba likasomwa kwanza, waandishi wa habari wakiwa bado wamejaa ukumbini, na kila mjumbe akataka asikike akiitetea hazina. Huyu alikata bustani, yule akakata ghorofa, mwingine akaondoa hata paa. Adhuhuri waandishi walipoondoka, wajumbe walikuwa na njaa, na vifungu vilivyosalia vikapita bila neno.

"Na fedha zilizokatwa zinakwenda wapi?" aliuliza Hamduni.

"Kwa desturi ya kamati hii, Mheshimiwa," alijibu Bi Zuwena akifunga mkoba wake, "huangukia kifungu cha mwisho."