Ukishiba Unafanya Nini?

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya watu waliokula wakalewa shibe? Jibuni tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Watoto, sogeeni mbele. Na nyinyi mliokuja na wachumba wenu, kaeni hapo hapo nilipowaona, maana hadithi ya leo ni yenu.

Hapo zamani za kale, ardhi ikiwa bado laini, alikuwapo Mhanga. Mnamjua Mhanga? Masikio ya punda, pua ndefu kama mchi, mgongo umepinda, na makucha, makucha kweli kweli. Chakula chake mchwa. Akiona kichuguu anachimba, kru, kru, kru, anakula, anashiba.

Wengine wakishiba hulala. Mhanga akishiba alichimba tena. Mchwa hawapo, njaa haipo, yeye anachimba tu. Anachimba shimo la mviringo, analainisha kuta kwa pua, anaweka kona ya kugeukia. Akimaliza anakaa mlangoni, analitazama, moyo unamtulia. Kisha anaondoka zake, na kesho anachimba jingine. Mbuga nzima ilijaa mashimo yake, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani. Walimwengu ndivyo tulivyo, tunalala kivulini hatuulizi aliyepanda mti.

Mhanga hakuwa na mke. Na alimpenda Nungunungu, yule binti aliyekuwa akipita jioni miiba yake ikilia chaka-chaka, chaka-chaka. Mhanga akiisikia chaka-chaka, anaacha kuchimba, anasikiliza mpaka iishe. Alimpenda hivyo, kwa masikio, miaka miwili mizima.

Nungunungu alikuwa yatima, kalelewa na shangazi yake. Siku moja habari zikazagaa kwamba shangazi anapokea posa, na kila mposaji ataulizwa swali moja tu. Ukishiba, unafanya nini?

Swali lilitoka kwa binti mwenyewe. "Shangazi," alisema, "mtu akiwa na njaa ni mchapakazi, njaa inamkimbiza. Mimi nataka kumjua yule atakayebaki nami tukishakula."

"Mwanangu, marehemu mume wangu akishiba alikuwa anacheua tu."

"Ndiyo maana nauliza, shangazi."

Mhanga akasikia habari hizo, akaogopa. Atasema nini? Akaenda kwa mshenga. Mshenga wa mbuga ile alikuwa Kasuku, aliyefugwa miaka mitatu mjini, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akitafuta mchumba gazetini. Msiniulize zamani gani hizo zilikuwa na gazeti. Hadithi ni yangu. Mwalimu alisoma barua zake kwa sauti kabla ya kuzituma, na Kasuku akatoka huko na sentensi moja, akaamini hiyo ndiyo dawa ya wanawake wote duniani.

"Sema hivi," Kasuku akamwambia Mhanga. "Napenda kusoma, kusafiri, na kubadilishana mawazo."

"Lakini mimi napenda kuchimba."

Kasuku akafunika uso kwa bawa. "Neno hilo usilirudie mbele ya watu. Anayechimba ni nani? Mchimba choo. Mchimba kaburi. Unataka binti wa watu achekwe kisimani?"

"Na yule mwalimu, alipata mke?"

"Hilo si la leo," akasema Kasuku. "Fuatisha."

Mhanga akafuatisha. Napenda kusoma, kusafiri, na kubadilishana mawazo. Akarudi kwake anaisema. Akala mchwa anaisema. Alipoanza kuchimba akajikuta amenyamaza, ametulia, mpaka alipokumbuka, akaanza tena kuisema.

Siku ya posa ikafika. Waposaji walikuwa watatu, Fisi, Ngiri na Mhanga, wamekaa mkekani. Shangazi yuko kigodani. Nungunungu yuko nyuma ya pazia la majani, miiba imetulia. Kasuku yuko tawini, anawatazama kwa zamu.

"Fisi," shangazi akaita. "Ukishiba, unafanya nini?"

Fisi hajawahi kushiba tangu azaliwe, lakini alijibu. "Napenda kusoma, kusafiri, na kubadilishana mawazo."

"Kitabu cha mwisho ulichosoma kilikuwaje?"

Fisi akafikiri. "Kilikuwa na jalada la ngozi, shangazi. Kitamu sana."

"Haya. Ngiri, na wewe?"

"Napenda kusoma, kusafiri, na kubadilishana mawazo."

"Umesafiri mpaka wapi?"

"Mpaka kule."

"Kule kuna nini?"

"Ukifika kule," akasema Ngiri, "unaona huku."

Shangazi akainua macho tawini. Kasuku akajifanya anachokoa manyoya.

"Mhanga."

Miaka miwili ya kusikiliza ilikuwa imefika hapo, juu ya mkeka ule. Akaona pazia limesogea kidogo. Akataka kusema kweli. Neno likapanda, likafika kwenye meno. Kule juu Kasuku akakohoa.

"Napenda kusoma," akasema Mhanga, "kusafiri, na kubadilishana mawazo."

"Ulibadilishana na nani?"

Na chini ya mkeka makucha yake yakaanza kazi yenyewe bila kumwomba ruhusa. Kru. Kru. Kru.

"Sauti hiyo ya nini?" akauliza Nungunungu, kutoka nyuma ya pazia.

"Ni tumbo," akasema Mhanga.

Shangazi alikuwa anafungua kinywa aulize tumbo gani hilo, mara moshi huo. Warina asali walikuwa wamesahau mwenge wao kwenye nyasi kavu. Upepo ukavuma, wuuu, na moto ukaja unakula nyasi, pa, pa, pa. Kasuku akaruka, akaenda zake bila kuaga. Fisi akazunguka pale pale kama anayetafuta mkia. Ngiri akamwita mama yake.

Mhanga hakuwaza kitu. "Huku," akasema.

Akawapeleka kwenye shimo kubwa, lile alilolichimba mwaka wa mvua nyingi, siku aliyoshiba kuliko siku zake zote. Shangazi akaingia. Nungunungu akaingia. Fisi akaingia. Ngiri akajisukuma kichwa mbele, meno yake yakakwangua mlango, yakajaa udongo. Mhanga akaingia wa mwisho, akauziba mlango nyuma yake. Moto ukapita juu yao, wuuu, ukapita wote, ukaenda.

Katika giza lile Nungunungu alikuwa anapapasa ukuta.

"Shangazi, gusa hapa. Ukuta umelainishwa. Na hapa kuna kona ya kugeukia, hata mwiba wangu mmoja haujagusa ukuta. Hapa hapajawahi kuwa na mchwa. Aliyechimba hili hakuwa na njaa." Akaipapasa kona tena. "Nimelala kwenye mashimo ya namna hii siku nyingi za mvua, na kila mara najiuliza ni nani huyu. Nani alichimba?"

Jamani. Kasuku hayupo. Pazia halipo. Binti yuko hatua moja tu, na swali ameliuliza mwenyewe kwa sauti ya kutaka jibu. Na Mhanga wetu akafanya hesabu yake. Akajiambia, nikisema ni mimi, nitakuwa nimekiri kwamba pale mkekani nilidanganya. Bora nibaki na uongo wangu mmoja uliokwisha kukubalika. Watoto, msicheke. Wakubwa wenu hufanya hesabu hiyo kila siku.

"Sijui," akasema Mhanga. "Mimi ni mtu wa kusoma."

Kisha sauti ikatoka pembeni.

"Ni mimi," akasema Ngiri. "Sikutaka kujisifu."

Walipotoka nje shangazi akaona udongo kwenye meno ya Ngiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fisi akasema na yeye alisaidia kidogo, ila hakuna aliyemsikiliza. Mhanga alisimama kando, makucha yake ameyaficha nyuma.

Ngiri akaoa. Pilau ikaliwa, vigelegele vikapigwa. Kasuku alirudi kwa wakati wa karamu, akawa ndiye mshereheshaji, msema chochote wa sherehe. Na kabla sufuria hazijaoshwa alikuwa amekwisha badilisha dawa yake. "Vijana," akawaambia makapera, "mambo ya kusoma yamepitwa. Siku hizi wanataka wachimbaji. Semeni, napenda kuchimba, kulainisha, na kuweka kona."

Mhanga akamsikia Fisi akiifanyia mazoezi njia nzima. Alilia siku ile. Sifichi, alilia, na machozi yakaifuata pua ile yote ndefu mpaka mwisho wake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Ngiri akaja, anatembea kwa aibu.

"Kaka Mhanga, mke wangu ni mjamzito. Anataka nimchimbie shimo la watoto. Nimemwambia mgongo unauma. Nimemwambia udongo mgumu. Nimemwambia kesho mpaka kesho zenyewe zimeisha. Leo kaenda kwa shangazi yake, atarudi jioni. Nisaidie, ndugu yangu."

Ningekuwa mimi ningemfukuza, na tusi juu. Mhanga alifikiria watoto wa Nungunungu, wachanga, miiba yao haijakomaa, wamelala nje kwenye umande. Akaenda.

Akachimba. Kru, kru, kru. Akachimba shimo la mviringo, akalainisha kuta kwa pua, akaweka kona mbili, moja ya mama na moja ya watoto. Ngiri alikula viazi pori akashiba, akalala kivulini kinywa wazi.

Chaka-chaka, chaka-chaka. Nungunungu amerudi mapema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mhanga hakuisikia, kwa kuwa alikuwa chini kabisa, na raha yake imemfunika. Alipotoa kichwa nje akamkuta amesimama. Nungunungu alimtazama mumewe anayekoroma. Akautazama udongo mbichi. Akayatazama makucha.

"Mhanga."

"Naam."

"Ukishiba, unafanya nini?"

Safari hii hapakuwa na tawi juu yake. "Nachimba," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Nilikuuliza mara mbili, mkekani na shimoni."

"Uliniuliza."

"Pale mkekani nilisikia makucha yako. Nilijua si tumbo. Ndiyo maana kule shimoni nikauliza tena, nikakupa nafasi, nikasubiri." Miiba yake ilikuwa inatetemeka kidogo. "Ukasema hujui. Nikajiambia, basi masikio yangu yamenidanganya. Na kama hayakunidanganya, mtu anayelikana shimo lake mwenyewe, kesho atanikana na mimi. Nikamchukua aliyesema ni lake."

"Alikudanganya."

"Uongo wake nimeujua leo," akasema Nungunungu. "Woga wako niliujua siku ile."

Nungunungu akaingia shimoni, akapapasa kuta, akakaa humo kitambo, akatoka.

"Umeweka kona mbili," akasema.

"Moja ya watoto."

"Ahsante." Akamkabili mumewe, akamwamsha kwa ncha ya mwiba mmoja, mahali ambapo watoto wataniuliza ni wapi na sitawaambia. "Amka, mchimbaji. Nyumba yako imekwisha. Ingia uione."

Ngiri akasimama mlangoni. Akatazama kuta zile laini, akashindwa kuzikabili uso kwa uso. Akageuka, akaingia kinyumenyume, kwa sababu makalio hayana aibu. Mpaka leo ndivyo anavyoingia. Ukimwona Ngiri anarudi nyuma kuingia shimoni, ujue shimo si lake.

Na Mhanga? Mhanga anachimba mpaka leo. Mchana humwoni, hataki kutazamwa. Anachimba, analainisha, anaweka kona, kisha anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Hili nimelichimba mimi." Analisema vizuri sasa, bila kigugumizi, na mbuga nzima haina wa kumsikia.

Funzo ni hili, na nitalisema wazi kwa ajili ya walioegemea wachumba wao wakasinzia. Ukiulizwa unachokipenda, taja unachokipenda, hata kiwe na udongo. Ukiionea haya furaha yako ukaikana, mwenye haya kidogo kuliko wewe ataiokota, atasema ni yake, na ataoa nayo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mlango nimeuziba. Wewe kijana wa nyuma, uliyemwambia mwenzako kwamba unapenda kupanda milima, naona amekugeukia anakuuliza kitu. Sisi tunakwenda kulala. Mjibu.