Bi Mchirizi Ni wa Nani

Sogeeni, na asiyesikia amuulize jirani yake.

Walikuwako watu watatu, na wa nne hakuwako mpaka walipomtengeneza. Hao watatu walisoma chuo kimoja cha katuni huko Mbeya, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Kila mmoja alikuja na kipawa chake.

Atupele alitoka Tukuyu, na kipawa chake kilikuwa kuuliza. Wakisikia kwamba kuna mtu amepita barabarani amejitwika mlango, wenzake walicheka. Yeye alitaka kujua mlango ule unakwenda kufungwa wapi, na nani atabaki nje.

Masanja alitoka Shinyanga, na kipawa chake kilikuwa mkono. Alimchora mtu kwa mstari mmoja, na mama wa mtu yule angesema, huyu wangu.

Kidawa alitoka Pangani, na kipawa chake kilikuwa mwili. Akikuona unatembea mara moja, alitembea kama wewe. Siku alipomwiga mkuu wa chuo akishuka ngazi, darasa zima lilisimama kwa adabu kabla ya kugundua kwamba ni yeye.

Muhula wa mwisho mwalimu wao, Mwalimu Komba, aliwaweka kundi moja, Atupele akiwa kiongozi, akawapa kazi: mhusika mmoja, filamu ya dakika moja, michoro yote kwa mkono juu ya karatasi.

"Mhusika ni mtu anayetaka kitu," alisema. "Asiyetaka kitu ni kinyago. Vinyago vinauzwa sokoni, mimi hapa sivihitaji."

Mwalimu huyo alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu makundi yalibandika michoro ukutani, naye akapita mbele yake mikono nyuma. Hakusema kibaya juu ya mchoro wa mtu. Mchoro usiofaa aliupita tu, na wenyewe wakaubandua. Unaofaa alisimama mbele yake.

Wiki ya kwanza watatu wale walibandika kobe mwendesha lori. Akapita. Wakabandika jini la stoo, mbuni mwoga, jogoo mwenye mafua. Akapita, akapita, akapita. Wiki saba. Atupele alianza kuziogopa Jumatatu tangu Alhamisi. Alikuwa na daftari lenye majina ya watu thelathini ambao hawakuwahi kuishi, na alipolifungua aliona kama anasoma matangazo ya vifo.

Jumamosi moja alikwama Uyole kwa mvua. Ng'ambo ya barabara fundi wa miavuli alikuwa kazini chini ya turubai lililochanika, maji yakimtiririkia shingoni. Pembeni yake palikuwa na miavuli mizima kama ishirini, aliyoitengeneza mwenyewe. Watu wengine walimwona fundi aliyelowa. Atupele aliuliza: kwa nini hajifuniki hata mmoja? Akasimama pale mpaka mvua ikakatika, na alipoondoka alikuwa na mwanamke kichwani.

"Anaitwa Bi Mchirizi," aliwaambia wenzake. "Anatengeneza miavuli ya mji mzima, yeye hana. Ila kuna mmoja, mwekundu, mwenyewe hakurudi kuuchukua. Miaka mitatu sasa. Kila jioni anasema kesho nitauchukua mimi. Kila asubuhi anaukung'uta, anaurudisha msumarini. Filamu yetu ni siku ambayo mwenyewe anarudi."

Masanja alikuna kidevu. "Kwetu mwavuli ni wa bwana harusi. Mvua ikinyesha sisi tunatoka nje kuishukuru."

"Ndiyo maana hamna mvua," alisema Kidawa. "Mnaishukuru mapema."

Lakini hadithi ilikuwa imefika, na wote watatu waliijua.

Ikawa zamu ya Masanja. Alimchora Bi Mchirizi mara sitini, na mara sitini akatokea mama mnene mwenye kilemba, yule ambaye kila mtu amekwisha kumwona kwenye pakiti ya majani ya chai. Masanja alikuwa na jaribio lake: mchoro aliupaka wino mweusi mzima, akabaki na kivuli, akauliza kivuli hiki ni cha nani. Sitini vilikuwa vya mtu yeyote. Siku tatu hakuzungumza na mtu. Ya nne alileta karatasi moja. Juu mwembamba, mgongo umepinda kama mpini, sketi pana yenye mikunjo iliyochomoza kama vijiti: mwavuli uliofungwa vibaya. Akaupaka wino mbele yao, na kile kivuli hakikuweza kuwa cha mtu mwingine duniani.

Jumatatu Mwalimu Komba alisimama. Akasimama muda mrefu, akaendelea na safari yake.

Ikawa zamu ya Kidawa. Alisema mtu hatembei kwa miguu, anatembea kwa yaliyompata. Akatia maji kwenye viatu vyake vya turubai, akavivaa, akaranda barazani siku mbili katika baridi ile, mpaka akaanza kukohoa. Jioni ya pili mwendo ukaja: hatua tatu, kusimama, kuinua mguu wa kushoto nyuma, kuukung'uta kama kuku, kisha hatua tatu tena, bila kujionea huruma hata kidogo. Atupele, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, alimwona Bi Mchirizi mwenyewe akipita, akasogea kumpisha. Kisha Kidawa akakaa kuchora. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja. Dakika nzima, picha mia saba na ishirini. Wiki tano. Kiganja kilivimba, akakifunga kitambaa akaendelea.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kazi yao ilipoharibika.

Mchana wa kukabidhi, Masanja alikuwa akipiga picha karatasi moja moja kwa kamera iliyofungwa juu ya meza. Kidawa alikuwa amelala, shavu juu ya rula. Masanja alipofika karatasi ya mia sita na kumi na moja, iliyofuata ilikuwa mia sita na thelathini. Kumi na nane hazikuwepo. Kwa uchovu Kidawa alikosea kuhesabu, hakuzichora. Nazo zilikuwa ndizo za Bi Mchirizi kunyoosha mkono ampe mwenyewe mwavuli wake.

Masanja alimtazama Kidawa, akautazama mkono ule wenye kitambaa, hakumwamsha. Sauti ya mvua ilikwisha kurekodiwa na lazima picha zitoshe. Basi akaipiga ile ya mia sita na kumi na moja mara kumi na nane zaidi, ili pengo lizibwe.

Wakaitazama, yeye na Atupele. Bi Mchirizi anauondoa mwavuli mwekundu msumarini, anageuka, na hapo, mwavuli ukiwa kifuani, anasimama kabisa. Sekunde moja na nusu. Mvua inanyesha, yeye hatikisiki. Kisha mkono umefika kwa mwenyewe.

"Imekwama," alisema Masanja. "Afadhali nimwamshe azichore. Saa tatu zimebaki, zitatosha."

Atupele aliirudia mara ya pili, na ya tatu. "Mwache alale," alisema. "Na hiyo iache hivyo hivyo."

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini, wageni wakiwepo, watu walikuwa wakicheka ule mguu wa kuku. Ilipofika sekunde ile moja na nusu ukumbi ulinyamaza. Bibi mmoja kwenye viti vya nyuma alisema taratibu, kama anayezungumza na nduguye, "Chukua tu, mama, ni wako."

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kampuni moja ya filamu. Wanamtaka Bi Mchirizi. Wanataka vipindi vyake kumi na vitatu, na wana nafasi moja, mwaka mzima, kwa mwenye mhusika. Jina moja tu. Fomu yenye majina mawili haitapokelewa. Atakayekuja atakuja na Bi Mchirizi, na wengine hawataruhusiwa kumchora wala kumwandika tena. Fomu isipofika kwa wakati, nafasi itakwenda chuo kingine, na Bi Mchirizi atabaki kabatini. Chini kabisa waliongeza: "Hasa tungefurahi kumpata aliyebuni kule kusita kwake kabla ya kutoa mwavuli."

Mwalimu Komba alimkabidhi kiongozi fomu. Ijumaa, saa sita mchana, angepita kuichukua aitume.

Asubuhi ya Ijumaa walikaa watatu, fomu katikati. Atupele hakuwa na hamu ya mabishano. Alikuwa na hadithi kumi na moja nyingine za Bi Mchirizi kwenye daftari lile lile, na kila alipofikiri kwamba huenda mtu mwingine akaziandika, au zisiandikwe kabisa, alilivuta daftari karibu zaidi.

"Mie sikatai kwamba mlimzaa," alianza Kidawa. "Lakini mtoto aliyelazwa tu kitandani hana habari. Aliyemsimamisha akatembea ni nani?"

"Ungetembeza nini, mama, hewa?" alisema Masanja. "Kabla yangu alikuwa maneno."

"Na kabla ya maneno mlikuwa na jogoo mwenye mafua," alisema Atupele.

"Yule jogoo nilimpenda mimi," alisema Masanja, na wote wakacheka.

"Tuache mengine," alisema Kidawa. "Barua yenyewe imesema. Wanamtaka wa kule kusita. Ile picha ya mia sita na kumi na moja ni ya mkono wangu."

"Ni moja. Aliyeipiga mara kumi na nane ni mimi."

"Kwa kuziba pengo langu. Nisingekosea, ungeziba nini?"

"Kwa hiyo unadai tuzo ya kukosea?"

"Nawe unadai ya kiraka."

Atupele alikuwa na la kusema: ninyi wawili mlitaka kulifuta kosa, mmoja macho wazi na mwingine angeamshwa alifute, aliyeona kwamba si kosa ni mimi. Lakini alipolipima mdomoni aliliona jepesi. Yeye siku ile hakufanya kitu. Alisema tu, iache.

Wakaenda kwa Mwalimu Komba. Alikuwa akisahihisha, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, utuamulie wewe."

"Mimi nilisimama mbele ya ukuta," alisema. "Kazi yangu iliishia hapo. Jaribuni hivi: mwondoeni mmoja mmoja, muone kinachobaki."

Wakarudi wakajaribu. Wakamwondoa Atupele: akabaki mwanamke mwenye umbo la ajabu, anakung'uta mguu vizuri sana, haendi popote. Wakamwondoa Masanja: ikabaki huzuni nzuri na mwendo mzuri, ndani ya mama wa pakiti ya chai. Wakamwondoa Kidawa: akabaki mchoro ukutani wenye kisa cha kusimulia. Mara tatu walimuua, na mara tatu alikufa sawasawa.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kidawa alianza kukohoa, kile kikohozi cha barazani ambacho hakikuwa kimeisha, na alipotulia sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Atupele, wewe ndiye kiongozi. Andika. Ukiandika jina lako, mimi sitanuna."

"Wala mimi," alisema Masanja. "Tumechoka, dada. Andika tu, twende tukale."

Wakatoka barazani wakamwachia chumba. Kama wangegombana naye ingekuwa rahisi, maana mtu hujua la kufanya akigombwa. Aliwaona kupitia dirishani: Masanja amekaa ukutani ananyoosha vidole vyake kimoja kimoja, Kidawa amejifunga khanga mpaka masikioni, wote wawili hawaangalii ndani.

Atupele aliichukua kalamu. Akifikiria jina lake, aliona kweli yote iliyomo: bila swali lake pale Uyole kusingekuwa na mtu wa kugombewa. Kisha akaona kwamba anayeshika kalamu hawezi kujipa haki hata kama ni haki yake, maana nani atajua? Akifikiria la Masanja, alikumbuka siku tatu za ukimya. Akifikiria la Kidawa, alisikia kikohozi. Na akiiacha wazi, hakuna aliyemnyang'anya mwenzake, na Bi Mchirizi anafungiwa kabatini na watu waliompenda.

Mwalimu Komba aligonga mlango mara moja, akaingia, akasimama. Alinyoosha mkono tu.

Hadi hapo ndiyo naijua. Jina lililoandikwa, kama liliandikwa, sikuambiwa, nami sikuuliza. Nimewasimulia watu wengi, na kila baraza lina jina lake. Sasa ni zamu yenu. Yupo aliyemwona, yupo aliyempa umbo, yupo aliyemtembeza, na ile sekunde moja na nusu hakuna hata mmoja wao aliyeikusudia. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, na mwalimu amesimama anangoja, ungeandika jina la nani? Na ukishaandika, ungetokaje barazani kwa wale wawili?