Kidirisha cha Moto

Habari hii nilisimuliwa na Bibi Nyangoma, anayewapikia wachimbaji wa mambo ya kale kule kisiwani. Majina ya wahusika hakunitajia, nami sikumwuliza. Nimeiandika nisije nikaisahau nikisimama mbele yenu, kwa hiyo mama zangu na dada zangu, mnivumilie nikisoma.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepata kibarua cha kuchekecha udongo. Kisiwani kwao wataalamu wamekuta kijiji cha watu wa kale sana, watu waliolima na kufuga kabla chuma hakijajulikana. Shoka zao mawe, visu vyao mawe. Wanakichimba mpaka leo, polepole, kwa miko midogo na brashi, na udongo wote unaotoka unapitishwa kwenye chekecheke, usije ukapotea hata ushanga.

Nyumba za kijiji hicho zimeshikana. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Na katika kila ukuta, usawa wa goti, kuna tundu la kutosha kupitisha mkono ulioshika kigae, na kingo zake zimeingia masizi. Mtaalamu mkuu, mama mmoja mpole, aliwaeleza vibarua kwamba anadhani hapo ndipo walipopeana moto. Moto wako ukizimika, unagonga ukuta, jirani anakupitishia kaa. Vibarua wakaliita tundu hilo kidirisha cha moto.

Sasa yule mwanamke alikuwa na jambo lake nyumbani. Kati ya ua wake na ua wa jirani kulikuwa na boma la minyaa, na katika boma kulikuwa na upenyo. Walipita hapo kuombana chumvi, kuachiana watoto, kupiga soga. Siku moja bata wa jirani wakapita hapo hapo na kumaliza mboga zote za mwanamke huyu. Wakatupiana maneno. Jioni ile akakata vijiti vya mnyaa, akavichomeka kwenye upenyo, akauziba.

Baada ya hapo jirani akajifungua. Mume wake alikuwa ameenda ng'ambo kutafuta kazi, na njia ya kuzunguka ni ndefu, inapita kwenye majabali. Kila jioni mwanamke huyu aliposonga ugali alimsikia mtoto akilia upande wa pili. Alikuwa akisogea mpaka kwenye boma, anasikiliza kidogo, kisha anarudi jikoni kwake. Siku zikapita, kilio kikaanza kupungua.

Akajiambia, mtoto amezoea.

Kule shimoni wakafika kwenye ukuta ambao kidirisha chake kilikuwa kimezibwa kwa udongo. Vibarua wakacheka.

"Huyu walikosana na shoga yake," mmoja akasema.

"Kumbe uchoyo haukuanza na mama mkwe wangu," mwingine akadakia.

Mwanamke wetu alikuwa ameshika chekecheke. Hakucheka.

Walipoendelea kushuka wakaona mifupa. Upande mmoja wa ukuta kulikuwa na mwanamke na kichanga. Jikoni mwake hamkuwa na jivu, mchanga mtupu. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke peke yake, na jiko lake limejaa jivu mpaka juu. Wanawake wote wawili walikuwa wamelala wamejikunja, vichwa vyao vimegusa ukuta ule ule, chini ya kidirisha. Vichwa viwili, na unene wa ukuta kati yao. Huyu mwenye jivu, upande wa sikio ndio ulioelekea kwenye udongo.

Vibarua wakaweka miko yao chini.

Yule mwanamke akauliza, "Mama, nani aliziba?"

"Huyu mwenye moto," mtaalamu akajibu. "Tazama, alama ya kiganja chake imebaki hapa. Udongo ulibandikwa kutoka upande wake."

"Mbona mgumu kama chungu?"

"Jiko lake lilikuwa karibu na ukuta. Kila alipokoka moto, udongo ulichomeka. Akapika leo, akapika kesho, ukawa kigae."

"Na hii mikwaruzo kwenye udongo?"

Mtaalamu akainama, akaokota jiwe jembamba lililokuwa karibu na mifupa ya vidole, akalilinganisha na mikwaruzo. Likaingia sawasawa. "Nadhani baadaye alitaka kukizibua," akasema. "Alikwangua upande wake. Hakufika; kilichomwua hatukijui."

"Alisikia nini hata akaanza kukwangua?"

"Mifupa haituambii hilo, mama. Labda alisikia kitu. Labda aliacha kusikia."

Jioni yule mwanamke alirudi kwake. Hakuwasha moto. Alikwenda moja kwa moja kwenye boma, akaweka sikio kwenye minyaa, akasikiliza. Kimya. Akaendelea kusikiliza, na ndipo alipojiona jinsi alivyosimama: amejikunja, kichwa kimegusa boma, sikio limeelekea upande wa pili.

Akaita kwa sauti ndogo, "Jirani."

Sauti ikamjibu kutoka chini, karibu sana na miguu yake, kama ya mtu aliyelala ardhini.

"Najua uko hapo. Kila jioni nasikia unavyopumua."

"Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye. Nina homa, dada, siwezi kuinuka. Moto umezimika tangu juzi. Nilijikokota mpaka hapa nikasema, leo pengine atasema neno."

Akakimbilia panga. Vijiti alivyovichomeka mwenyewe vilikuwa vimeota mizizi, vimenenepa, vimeshikana. Alivikata, utomvu ukimtiririka mikononi, mpaka akapita. Mtoto alikuwa anapumua, lakini kulia alikuwa ameshaacha.

Bibi Nyangoma anasema mtoto yule sasa anatambaa, na bata bado wanakula mboga.

Lakini ndugu zangu, mimi sina la kuwaambia juu ya huyu aliyewahi. Nataka mnitazamie yule aliyebaki shimoni. Je, alikuwa mwuaji? Alibandika udongo mbichi tu, ambao siku ile angeweza kuutoa kwa kidole kimoja. Nani aliufanya mgumu? Moto wake mwenyewe. Kila alipopika, kila alipouota na kusema ahsante Mungu kwa moto huu, ukuta ulizidi kuiva. Je, sisi tunaposhukuru hapa kwa ajili ya chakula chetu, kuna udongo gani unaoiva nyuma ya jiko letu? Na wale tunaowasikia wakilia, halafu siku moja hatuwasikii, tunasema wamezoea. Nani ametuambia wamezoea?

Tena tusijidanganye kwamba kuziba ni mpaka kugombana. Wengine hatujagombana na mtu. Tunaona haya tu. Tunasema, nitakwenda kesho, nitabisha hodi na kusema nini? Siku hiyo nayo tunapika, tunakula, tunalala. Haya nayo inaiva.

Bibi Nyangoma alinisimulia haya mchana, tukichambua mchicha. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi yake nilimfunga mtoto wangu mgongoni, nikachota kaa jikoni, nikaliweka kwenye kigae, nikaenda mlango wa pili, kwa mama ambaye tangu nihamie pale sikuwahi kumpa zaidi ya salamu ya kichwa. Nikabisha hodi. Akafungua, akatazama kaa, akanitazama mimi.

"Mama, mimi nina kiberiti," akasema.

Nikamwambia, "Najua."

Akasogea pembeni, nikaingia.