Mabumba Ishirini ya Nyanzala

Wageni wapitao Ntambila wakati wa kiangazi hushangaa kuwaona wachemsha chumvi wakitimiza mabumba, yale madonge ya chumvi, elfu mbili na mia tano, kisha wakichochea tena moto ili waongeze ishirini. Zamani haikuwa hivyo.

Hapo kale koo kumi zilikula chumvi ya chemchemi moja. Kila mwaka zilichemsha pamoja mabumba elfu mbili na mia tano, hesabu waliyoachiwa na mababu, na kila ukoo ulibeba mia mbili na hamsini. Kisha ikaja njaa, koo tatu zikahama, zikabaki saba. Wakagawa. Kila ukoo ukapata mia tatu hamsini na saba, likasalia bumba moja. Koo mbili zikaligombania. Maneno yakazaa ngumi, ngumi zikazaa marungu, na Masunzu, aliyeingia kuamua ugomvi, akapigwa kichwani akafa.

Mkewe, Nyanzala, ndiye aliyekuwa akifinyanga mabumba yale. Hata lile lililogombaniwa lilikuwa na alama za vidole vyake.

Matanga yalipokwisha, Lugwisha, mdogo wake marehemu, alimjia na upinde begani.

"Shemeji, sema neno moja tu. Kesho na wao watazika."

"Na mwakani likibaki jingine nitamzika nani? Wewe?" Nyanzala akamuuliza. "Ngoja kwanza."

Akamwaga mbegu za maboga mkekani, akaanza kutafuta hesabu isiyobakiza kitu, wagawane wawili au wagawane kumi. Sitini ziligawanyika sawa kwa wawili hadi sita. Kwa saba zikabaki nne. Akaweka sitini mara saba, zikawa mia nne na ishirini; kwa wanane zikabaki nne. Akaziongeza zikawa mia nane na arobaini. Kwa tisa zikabaki tatu. Siku ya nne mbegu zake zilikwisha, akaenda kuomba kwa majirani, nao wakanong'ona kwamba msiba umemvuruga akili. Akaweka mafungu matatu ya mia nane na arobaini. Tisa wakapata sawa. Akajaribu kumi, wakapata sawa. Akarudi kwa wanane, kwa saba, mpaka wawili. Haikubaki hata mbegu moja.

Alipozihesabu zote, zilikuwa elfu mbili mia tano na ishirini. Hapo ndipo alipolia.

"Ishirini tu, shemeji," alimwambia Lugwisha aliyekuja kumtazama. "Masunzu amekufa kwa upungufu wa mabumba ishirini."

Lugwisha alipiga magoti, akazigawa upya kwa mkono wake mwenyewe, akitafuta kosa. Hakuliona. Akauangika upinde, akaenda kukata kuni.

Nyanzala alipowapelekea wazee wa koo hesabu yake, walisita kuiacha ile ya mababu. Mmoja wao akauliza, "Na wakija kumi na moja?"

"Litabaki moja," Nyanzala akajibu, hakuwaficha. "Ila huyo wa kumi na moja atakuwa mgeni wetu. Mpeni yeye."

Wazee wakatazamana, wakakubali.

Na tangu siku hiyo mabumba ya Ntambila ni elfu mbili mia tano na ishirini. Zije koo tano, zije nane, kila mtu huondoka na fungu lake kwa amani. Na ukifika ukoo wa kumi na moja, hupewa sehemu yake na bumba moja juu, wala hakuna anayenung'unika.