Mchaichai Kwenye Picha ya Vitumbua

Wapendwa, kabla sijafika mbali, naomba tuingie kwanza jikoni kwa mama mmoja. Msisukumane, jiko lenyewe ni dogo.

Huyu mama alikuwa anapika vitumbua. Vitumbua vyake, ndugu zangu, ukila kimoja unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Kila asubuhi watu walimgongea mlango, na wa kwanza siku zote alikuwa bibi mmoja jirani, mjane anayeishi peke yake. Bibi hakuwa na meno ya kutosha, kwa hiyo mama alikuwa akimtolea vile laini kabla havijakauka pembeni. Wanapiga soga kidogo pale mlangoni, kisha bibi anarudi kwake.

Siku moja redio ya pale mjini ikatangaza kwamba inatafuta mjasiriamali mdogo wa kumweka hewani. Anayetaka apeleke kabrasha la kujitangaza: historia fupi ya biashara, picha nzuri, na maneno machache ya kumvutia msikilizaji. Mama moyo ukamdunda. Miaka yote alikuwa akiuza mtaa ule ule. Akisikika redioni, hata wenye mahoteli watamjua. Nani kati yetu asingetamani? Mimi ningetamani.

Basi nyumba ikageuka studio. Mlango ukafungwa, pazia likashushwa, mume akawa mpiga picha. Wiki nzima hakikuuzwa kitumbua hata kimoja. Vilipikwa vya kupigwa picha tu, vikapangwa kwenye sahani ya wageni, ile ambayo hata mchungaji mnamtolea kwa masharti. Mnacheka? Mnaijua.

Asubuhi ya kwanza tu, mlango ukagongwa.

"Hodi humu! Mwanangu, hodi!"

"Ni bibi," mume akasema. "Nimfungulie?"

"We, nyamaza!" mama akanong'ona. "Akiingia hapa ni maongezi mpaka jua kali, na unga wote huu sakafuni. Kaa kimya, atafikiri hatupo."

Wakabana pumzi, watu wazima wawili, ndani ya nyumba yao wenyewe. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Baadaye hodi zikakoma, na mama alipochungulia nje akakuta fungu la mchaichai mbichi kizingitini, limefungwa vizuri kwa uzi.

"Mume wangu, njoo uone! Hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana kwenye picha."

Akauweka ule mchaichai ubavuni mwa sahani. Na kweli, picha ikapendeza. Chini yake wakaandika: "Kwetu mteja ni ndugu. Tunajua hali ya kila mmoja."

Kabrasha likapelekwa, redio wakalipenda, wakamtuma mtangazaji wao, dada mmoja mchangamfu mwenye kinasa sauti. Akasema, "Mama, hapa umeandika mteja ni ndugu. Hebu nipeleke kwa ndugu mmoja nimsikie."

Angempeleka kwa nani? Wa karibu alikuwa bibi. Mama akatangulia shingo upande, maana alijua anachostahili kuambiwa.

Bibi alikuwa uani anaota jua. Alipomwona mama akainuka kwa shida, akamkumbatia, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mwanangu, umepona?"

Mtangazaji akauliza, "Kwani alikuwa anaumwa, bibi?"

"Si mlango ulifungwa wiki nzima! Huyu hawezi kunifungia mlango akiwa mzima. Nikajua ni homa. Nikamkatia mchaichai ajifukize, nikarudi ndani kumwombea." Kisha akaiona ile picha mkononi mwa mtangazaji, akaisogeza karibu na macho yake. "Ee, afadhali. Kumbe majani yangu yalikufikia."

Hapo mama akalia. "Dada, zima hicho chombo," akasema. "Bibi, sikuumwa. Nilikusikia unabisha, nikanyamaza."

Bibi akampangusa machozi kwa ncha ya khanga.

"Basi Mungu ashukuriwe," akasema. "Heri hukuumwa."

Mama akarudi nyumbani mbio kuwasha moto. Kama alisikika redioni au hakusikika, mimi sijui, na bibi hakuuliza.

Wapendwa wangu, sisi nasi tuna kabrasha letu. Nimeiona kalenda ya usharika, kwaya mmevaa sare mpya, mmependeza mno, na chini tumeandika: "Karibuni, hapa ni nyumbani." Sina ugomvi na picha. Lakini hebu geukeni mlitazame lile benchi la dirishani. Mzee Shekiondo hukaa pale. Tangu lini hayupo? Nani amekwenda kumgongea? Na mnavyomjua, huko aliko anatutetea: "Wanangu wale wana shughuli nyingi." Na Mungu je? Mara ngapi amebisha hodi tukabana pumzi, naye akatuachia neema mlangoni, tukaiokota na kuipambia picha?

Leo tulipanga kupiga picha ya pamoja baada ya ibada. Itasubiri. Tukitoka hapa, na sare zenu hizo hizo, twende sote kwa mzee Shekiondo. Na akituuliza tulikuwa wapi, tafadhali, mtu asije akasema tulikuwa tunaumwa.